Kwa Niaba ya Mwalimu Mwanahija

Ipo nchi ambayo sitaitaja. Haipakani na yetu, na viongozi wake hawafanani na yeyote tunayemfahamu, kwa hiyo msomaji asome kwa utulivu na asigeuke kutazama nani amesimama nyuma yake. Lolote litakalosemwa hapa kwa masikitiko limesemwa kwa heshima, kama wanavyopenda wenyewe.

Nchi hiyo inaheshimu barua kuliko inavyomheshimu aliyeiandika. Barua isiyo na mhuri ni karatasi, na yenye mhuri ni jambo. Mhuri wa mviringo una nguvu kuliko wa mstatili, na wa rangi ya zambarau unaishinda mihuri yote, hata kama maneno yake hayasomeki. Wapo wataalamu wa huko wanaoshikilia kwamba nguvu yake inatokana hasa na kutosomeka.

Mtandao ulipoingia katika nchi hiyo, Serikali iliupokea kwa moyo mmoja na kuuwekea daftari. Kila mwenye tovuti alitakiwa asajili jina la kikoa, yaani ile anwani ambayo mtu huiandika ili afike anakotaka. Jina hukodishwa kwa mwaka, na mwaka unapokaribia kwisha sharti lihuishwe, la sivyo mwingine yeyote anaruhusiwa kulichukua. Utaratibu ni mwepisi, na pengine ndiyo maana haukuachwa ulivyo.

Mwaka wa tatu zikaanza kufika barua za Kituo Kikuu cha Uhuishaji wa Majina ya Taifa. Zilikuwa barua nzuri. Nembo ya nchi hiyo ni kobe aliyeshika kalamu, na nembo ya Kituo ilikuwa kobe aliyeshika kalamu mbili, jambo lililowafanya wengi waamini kwamba Kituo kina cheo cha juu zaidi serikalini. Kwa kweli kilikuwa kampuni ya watu watatu, katika chumba cha kupanga juu ya duka la chipsi. Kobe hakuwa na hatia yoyote.

*

Mwalimu Mwanahija Pongwe alifundisha wanafunzi wasioona kwa miaka thelathini na mmoja, naye mwenyewe haoni tangu utotoni. Alipostaafu alifungua tovuti aliyoiita Sikia Kitabu, akaweka humo sauti za vitabu vyote vya mtihani wa taifa, kimoja baada ya kingine, vikisomwa na shemeji yake Makame, mume wa dada yake, ambaye zamani alikuwa fundi cherehani. Wanafunzi mia sita na kumi na wawili, katika shule kumi na moja, walisoma kwa masikio kutoka hapo. Vitabu vyao vya nukta nundu vilikuwa njiani kutoka bohari ya Wizara, na vilikuwa njiani kwa mwaka wa tisa.

Barua ya Kituo ilimfikia mwezi wa Agosti. Makame aliivaa miwani yake, akakohoa kama anayeanza sura mpya, akasoma.

"'Kwa mpendwa mwenye jina. Tunakutakia afya njema wewe na familia yako. Jina lako liko karibu kupoteza uhai. Ili lihuishwe, tafadhali tia sahihi hapa chini ndani ya siku saba.'" Akainua macho. "Lihuishwe. Kwani limekufa, shemeji?"

"Halijafa. Endelea."

"Pana mhuri wa zambarau. Umekaa vizuri kweli. Halafu pana nafasi ya sahihi. Basi, imekwisha."

"Imekwisha kabisa?"

"Kuna vijimaandishi chini huku, vidogo kama mayai ya chawa. Niviache?"

"Umewahi kuniachia ukurasa wewe?"

Makame akaisogeza karatasi dirishani, akasoma kwa sauti ileile aliyoisomea salamu na mhuri. "'Barua hii si ankara wala si taarifa ya Serikali. Ni pendekezo la kibiashara. Kwa kutia sahihi, mwenye jina anakihamishia Kituo jina lake pamoja na haki zake zote, na atalikodi upya kwa bei ya Kituo.'"

Wenye macho yao katika nchi hiyo, wakiwamo mawakili wawili na askofu mmoja, walikuwa wameitia sahihi barua hiyo bila kufika huko chini. Mwalimu alikuwa na bahati ya kutoyaona maandishi madogo. Kwake yeye maandishi yote yalikuwa na ukubwa wa sauti ya Makame.

Alimpigia simu msajili wake, kijana wa duka la kompyuta, ambaye alimthibitishia kwamba jina lilihuishwa mwezi wa Machi na lisingeguswa hadi Machi nyingine. Kwa hiyo Mwalimu alikuwa ameyajua yote yanayohitajika kujulikana: aliyeandika si aliyemsajili, tarehe si ya kweli, na ombi limejificha mahali pasipofikiwa na jicho. Angeweza kuichana barua akaendelea na maisha. Lakini aliwaza kwamba ziko shule nyingine, vyama vya wajane, zahanati, na watu wasio na Makame.

"Twende tukairipoti," akasema.

"Kwa nani?"

Lilikuwa swali jema kuliko walivyodhani.

*

Pale Wizarani mtu wa mapokezi aliwauliza shida yao, na Mwalimu akajibu kwa ukamilifu, kama alivyozoea: "Nataka kuripoti barua ya kupotosha kuhusu kikoa changu."

"Kikoa," alisema mtu wa mapokezi, akifurahi kukutana na neno analolijua. "Ghorofa ya tatu."

Msomaji anajua kwamba neno hilo lilikuwa na kazi nyingine kabla ya mtandao. Kikoa ni watu kulishana kwa zamu: leo kwako, kesho kwa jirani, sufuria ikizunguka hadi irudi. Wataalamu waliolipa neno hilo kazi mpya hawakumwarifu mtu yeyote wa ghorofa ya tatu, ambako ilikuwepo Idara ya Vikoa, Karamu na Shughuli, chini ya Bi. Tausi Ramia, mama mkunjufu aliyekuwa na kalenda tano ukutani na hakuna hata moja ya mwaka ule.

"Karibuni, wapendwa. Kikoa chenu mko wangapi?"

"Wanafunzi mia sita na kumi na wawili," alijibu Mwalimu.

Bi. Tausi akaiweka kalamu chini. "Mia sita. Mnapikia sufuria gani?"

"Hatupiki, Bi. Tausi. Tunasoma."

"Kwa hiyo zamu yako imefika, nawe unataka kuwasomea badala ya kuwapikia. Ndiyo maana kuna malalamiko."

"Mlalamikaji ni mimi. Kuna watu wanataka kunichukulia jina langu."

"Hayo ndiyo ya kila siku," Bi. Tausi alisema kwa huruma ya kweli. "Mmoja anakesha jikoni, mwingine anasifiwa. Mimi mwenyewe nimechukuliwa jina kwa biriani, na mwenye kunichukulia ni wifi yangu. Niachie namba yako, Mwalimu. Nitalishughulikia kama langu."

Na alilishughulikia. Ni haki kuandika kwamba katika hadithi hii yote Idara ya Vikoa ndiyo ofisi pekee ya Serikali iliyojibu. Baada ya wiki mbili Mwalimu alipokea kibali cha kupika pilau kwa watu mia sita na kumi na wawili, kwa sharti la kuwa na ndoo mbili za mchanga karibu na moto.

*

Ofisi iliyohusika, waliambiwa baadaye, ilikuwa Mamlaka ya Daftari la Majina. Huko walipokelewa na Bwana Kitundu, Ofisa Mpokeaji wa Malalamiko, mtu mpole, safi, aliyekunja mikono ya shati kwa vipimo sawa. Sipendi msomaji amchukie. Hakumtakia mtu yeyote baya, na hiyo ndiyo sehemu ya kusikitisha.

"Umepoteza nini, Mwalimu?"

"Sijapoteza kitu. Nimeitambua mapema."

"Basi huna lalamiko," alisema Bwana Kitundu. "Una maoni. Maoni yanapokelewa dirisha namba tisa."

"Liko upande gani?"

"Bado linajengwa."

Mwalimu alishusha pumzi. "Bwana Kitundu, hawa wanatuma barua nchi nzima. Mimi nimenusurika kwa sababu nasomewa. Je, hamtaki kujua?"

"Kujua tunataka. Lakini kosa linahitaji hasara. Fomu yetu sehemu ya kwanza inauliza: taja hasara. Nikiandika 'hakuna', kompyuta inaifunga fomu yenyewe. Sasa nifanyeje?"

"Yaani ningetia sahihi, jina likaondoka, ndipo ningekuwa mlalamikaji halali."

"Sasa unaanza kuielewa ofisi."

"Na wanafunzi wangu?"

"Hao wangekuwa mashahidi," alisema Bwana Kitundu kwa kumtia moyo.

Makame, ambaye alikuwa akitazama mshono wa suruali ya ofisa, aliuliza kama wako watu waliopoteza na wakapokelewa.

"Wapo waliopoteza," Bwana Kitundu alisema. "Ila mtu akishapoteza huona haya kuja. Kwa hiyo hatuna malalamiko hata moja, na taarifa yetu ya mwaka imesema hivyo. Tumepewa cheti."

Cheti kilikuwa ukutani. Makame alimsomea shemeji yake, hadi jina la kiwanda kilichotengeneza fremu.

*

Mwalimu aliporudi nyumbani alimwandikia Waziri. Barua yake ilikuwa ya ukurasa mmoja na ilieleza jambo moja, na kwa sababu hiyo ilikaa mezani kwa muda mrefu ikisubiri kurasa zake nyingine. Hatimaye Mheshimiwa Kipozi, Waziri wa Majina, Mitandao na Mambo Yanayofanana na Hayo, aliita waandishi wa habari.

"Ndugu wananchi," alisema, "Serikali yenu haijalala. Na pale ilipolala, ililala kwa tahadhari. Kuanzia leo tunatangaza vita dhidi ya barua za kupotosha. Tutazitambua, tutazibaini, tutazing'amua, na baada ya hapo tutaunda kamati itakayotushauri tofauti ya maneno hayo matatu."

Siku ileile Wizara ilitoa waraka uitwao *Jinsi ya Kuitambua Barua ya Kupotosha*. Ulikuwa waraka wa dhati. Ulisema kwamba barua ya kupotosha hutambulika kwa dalili zifuatazo: humtakia mpokeaji afya njema, hufika kabla ya muda wake, na ina namba ya simu ambayo ukipiga inapokelewa. Barua ya Serikali, waraka uliendelea kwa fahari, haina dalili hata moja kati ya hizo.

Kwa bahati mbaya waraka wenyewe ulichapishwa kwa haraka. Haukuwa na mhuri, jina la Wizara lilikosewa herufi mbili, na ukurasa wa mwisho uliwataka wananchi wote waandike majina yao ya vikoa, watie sahihi, na kuurudisha ndani ya siku saba. Wananchi, ambao sasa walikuwa wameelimishwa, waliutambua mara moja. Watu elfu nne walikwenda Mamlaka ya Daftari kuuripoti waraka wa Waziri kuwa ni wa kitapeli. Walirudishwa, kwa kuwa hawakuwa na hasara.

Wiki iliyofuata Wizara yenyewe ilipokea barua ya Kituo. Mhasibu aliutazama mhuri, akaridhika, akatia sahihi. Tangu hapo aliyefungua tovuti ya Wizara alikutana na tangazo la magodoro, na Mheshimiwa Kipozi alipoulizwa alisema huo ni ubia na sekta binafsi, na kwamba godoro ni hitaji la msingi la mwananchi.

*

Pamoja na hayo hotuba ilizaa tunda. Mamlaka iliagizwa ipokee ripoti kumi za majaribio kabla ya robo ya mwaka kwisha, zenye hasara au zisizo nayo. Bwana Kitundu, aliyekuwa hana hata moja, alimkumbuka Mwalimu, akampigia simu mwenyewe. Zilibaki siku ishirini na sita kabla ya mtihani wa taifa.

Fomu ilikuwa na sehemu thelathini na moja. Walizijaza asubuhi nzima, Makame akisoma na Mwalimu akijibu. Walipomaliza, Bwana Kitundu aliivuta ile barua ya Kituo, akafungua kibati cha wino.

"Hii sasa ni kielelezo. Tunahitaji dole gumba lako hapa, kuthibitisha kwamba ndiyo barua unayoilalamikia."

"Hapo pameandikwa nini?" aliuliza Mwalimu.

"Ni chini tu, kwenye mstari."

"Shemeji, nisomee mstari."

"'Sahihi ya mwenye jina anayekubali,'" alisoma Makame.

Mwalimu aliuficha mkono wake ndani ya kanga. "Bwana Kitundu, nikiweka dole hapo nitakuwa nimekubali kilekile ninachokilalamikia."

"Utakuwa umekubali kwa ajili ya kulalamika. Ni kukubali kwa aina nyingine."

"Barua haina aina nyingine. Sitatia."

"Kielelezo kisicho na sahihi hakipokelewi, Mwalimu."

"Basi kisipokelewe. Najua njia ya kurudi nyumbani."

Wakaondoka. Bwana Kitundu alibaki ameitazama fomu yake, thelathini na moja ya thelathini na moja, ikikosa kitu kimoja tu. Alimwonea huruma yule mama, ambaye angelazimika kuja tena katika jua lile, kwa umri ule. Alizionea huruma pia ripoti kumi. Na kwa kuwa alikuwa mtu mwema, alifanya kile ambacho kila karani wa nchi ile hufundishwa kabla ya kufundishwa kazi yake. Aliandika herufi tatu, k.n.y., yaani kwa niaba ya, akaandika jina la Mwalimu Mwanahija Pongwe, akatia sahihi yake mwenyewe, nzuri, yenye mkia, akaigonga mhuri wa zambarau.

Utaratibu unataka kielelezo kiende nakala tatu. Moja ilibaki kwenye jalada. Moja ilipelekwa Kituo, kwa kuwa mlalamikiwa ana haki ya kujua analalamikiwa nini. Moja ilishuka chini kwenye Daftari, ambako karani aliona karatasi ya kuhamisha jina, yenye sahihi na mhuri. Akahamisha.

*

Jumatatu mwanafunzi mmoja aitwaye Tumsifu, mtu mzima wa miaka ishirini na mitatu aliyekuwa akirudia mtihani kwa mara ya pili, alimpigia simu Mwalimu akiwa bwenini.

"Shikamoo, Mwalimu. Samahani kukusumbua. Nilikuwa kwenye mmeng'enyo wa chakula. Nilitoka kwenye umio vizuri, nikafika tumboni, mara akaja mwanamke akaniambia ninunue vigae."

"Vigae?"

"Vya bafuni, Mwalimu. Visivyoteleza. Nimerudia mara nne. Wenzangu nao ni vigae. Tunafanyaje? Zimebaki siku kumi na tisa."

Jina jipya Mwalimu angeweza kulisajili siku ileile, lakini shule za nchi hiyo haziruhusiwi kufungua anwani mpya bila waraka wa Wizara, na waraka huchukua mihula miwili. Kwa Tumsifu na wenzake, jina lile ndilo lililokuwa mlango, na hapakuwa na dirisha.

Akaenda kwa Bwana Kitundu. Alimkuta amesimama kumpokea.

"Hongera, Mwalimu. Nimesikia. Sasa una hasara."

"Nani alitia sahihi?"

"Wewe."

"Mimi nilikataa. Nilikataa mbele yako, na shemeji yangu yupo hapa."

"Ulikataa wewe," alisema Bwana Kitundu kwa upole. "Niaba yako haikukataa."

Makame alisimama. Mwalimu akamshika mkono wa shati, akamketisha.

"Nani alikutuma uwe niaba yangu?"

"Ungekuwepo ningekuuliza. Lakini tusibishane kwa yaliyopita. Tulete fomu." Akageukia kompyuta, akabonyeza, akatulia, akabonyeza tena. Uso wake ulibadilika kama wa mtu aliyemsahau mgeni mlangoni. "Kuna jambo dogo. Fomu inataka mlalamikaji awe ndiye mwenye jina. Kwa mujibu wa Daftari, mwenye jina ni Kituo."

"Kituo ndicho kilichoniibia."

"Inawezekana kabisa. Kikija kulalamika, nitakipokea."

Mwalimu hakupaza sauti. Makame anasema hajawahi kumwona akiwa amekunja ngumi kabla ya siku ile wala baada yake. Walipotoka nje alipiga namba ya simu iliyokuwa kwenye barua ya Kituo. Ilipokelewa mlio wa pili.

"Pole sana, mama yangu," ilisema sauti laini ya Bwana Remi Chogo, mkurugenzi. "Tumekuwa tukikufikiria. Jina lako tunalitunza vizuri. Tunaweza kukukodisha tena, ukilipa sasa, ndani ya siku arobaini za kazi."

"Wanafunzi wangu wana siku kumi na nane."

"Tunawaombea," alisema Bwana Chogo.

*

Siku iliyofuata Mwalimu alimwambia Makame achukue karatasi safi.

"Andika. 'Kwa mpendwa mwenye jina. Tunakitakia Kituo afya njema pamoja na familia yake. Jina la Sikia Kitabu liko karibu kupoteza uhai. Ili lihuishwe, tafadhali tieni sahihi hapa chini ndani ya siku saba.'"

Kalamu ya Makame ilisimama. "Shemeji, hii ni kesi."

"Najua. Acha nafasi ya sahihi. Sasa, chini kabisa, andika kwamba kwa kutia sahihi mwenye jina anamrudishia jina hilo, pamoja na haki zake zote, Mwanahija Pongwe."

"Kwa herufi ndogo?"

"Ndogo kadiri sindano yako ilivyowahi kwenda."

"Wewe uliyetufundisha sote kutosema uongo."

"Ndani yake hakuna neno moja la uongo. Ni kama yao. Ndiyo maana inaniuma." Akaigusa karatasi. "Andika, Makame. Tumsifu yuko tumboni tangu Jumatatu."

Makame hakuipeleka barua hiyo Kituo. Aliipeleka kwa Bwana Kitundu, akaeleza kwamba ameiokota, kwamba inamtaka mwenye jina atie sahihi bila kujua anachokikubali, na kwamba, kama raia mwema aliyeuelewa waraka wa Waziri, anairipoti. Bwana Kitundu alikuwa na ripoti moja kati ya kumi na robo ya mwaka ilikuwa imebakiza siku nne. Angeweza kumbusu.

Hakuisoma. Kielelezo hakisomwi na ofisa anayekipokea, kisije kikaathiri uamuzi wake. Aliuliza tu kama mwenye jina, yaani Kituo, amekuja kukithibitisha. Makame akajibu kwamba hakumwona.

"Usijali," alisema Bwana Kitundu. "Tutamsaidia."

Akaandika herufi zake tatu, akatia sahihi yenye mkia, akagonga zambarau. Nakala moja ilikaa kwenye jalada, moja ikaenda Kituo kwa posta ya Serikali, ambayo haina haraka, na moja ikashuka chini. Kesho yake, saa nne asubuhi, Tumsifu aliingia kwenye utumbo mwembamba.

*

Kituo kilipogundua kililalamika, na lazima isemwe kwamba lilikuwa lalamiko la mfano. Hasara ilikuwepo. Mlalamikaji ndiye aliyekuwa mwenye jina siku ya tukio. Kielelezo kilikuwa na sahihi na mhuri. Fomu haikujifunga hata mara moja. Mheshimiwa Kipozi aliita tena waandishi wa habari akawatangazia kwamba vita vimezaa ushindi wa kwanza: umevunjwa mtandao hatari wa matapeli wa barua, wa watu wawili, mmoja wao asiyeona na mwenzake fundi cherehani, jambo linaloonyesha jinsi adui anavyojua kujibadilisha.

Sheria ilimpa mshitakiwa siku kumi na nne za kujiandaa. Waliomfahamu Mwalimu walimshauri aende mapema, aombe radhi, alirudishe jina, na mambo yangeishia hapo. Alizitumia siku zote kumi na nne. Katika muda huo, kwa sheria hiyohiyo, jina halikuruhusiwa kuguswa.

Shauri lilisikilizwa katika ukumbi wa Mamlaka. Bwana Chogo alipewa kiti chenye mikono na chupa ya maji. Mwalimu alipewa benchi. Bwana Kitundu, aliyepandishwa cheo kwa sababu ya ile ripoti, ndiye aliyeongoza maswali, naye alionekana kuona haya, kwa namna ya mtu asiyejua haya hiyo imetoka wapi.

"Mwalimu Mwanahija Pongwe. Je, unakiri kwamba uliandaa barua yenye nia ya kumpotosha mwenye jina?"

Mwalimu aliinamisha kichwa upande wa Makame. "Saa ngapi, shemeji?"

"Nane kasoro dakika tano."

"Naomba kusubiri kidogo," alisema.

"Kusubiri nini?" aliuliza Bwana Chogo, ambaye alikuwa na miadi nyingine. "Swali ni la ndiyo au siyo."

Ukumbi ulisubiri. Mtu mmoja aliburuta kiti, mwingine akapiga miayo. Bwana Kitundu alizipanga karatasi zake, akazipanga tena kwa upande wa pili. Makame alikuwa ameishika saa yake ya mkono karibu na uso, na midomo yake ilikuwa ikihesabu. Katika shule kumi na moja wasimamizi walikuwa wakipita kati ya madawati, wakikusanya karatasi ya mwisho ya mtihani wa taifa.

"Nane kamili," alisema Makame.

Mwalimu Mwanahija akasimama, akaishika kanga yake vizuri mabegani, akaugeuza uso kuelekea ilikotoka sauti ya ofisa.

"Sasa uliza, Bwana Kitundu. Nitajibu mwenyewe."